Valvu za karavani: moja imegoma nusu njia, nyingine inateleza bure

*"Habari fundi. Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua karavani ya Kimarekani ya futi 24 kutoka kwa familia iliyokuwa ikirudi kwao. Tuliiegesha nyuma ya nyumba yetu hapa Karen na tunaikodisha kwa wageni wa wikendi. Chini ina mipini miwili: mweusi ni wa tanki la choo, wa kijivu ni wa tanki la sinki na bafu. Bomba la kutolea uchafu tumeliunganisha na shimo la septiki. Tuliambiwa tuache valvu zote mbili wazi ili itumike kama nyumba ya kawaida. Mwezi uliopita harufu ilianza kuingia ndani, nikaamua kuzifunga. Mpini wa choo unaingia nusu halafu unagoma. Wa kijivu niliufunga vizuri, lakini nilipouvuta tena ulikuja mwepesi kama haujashika kitu, na sasa maji ya kuoga yanarudi juu. Nilipofungua kiungo cha bomba nione kuna nini, uchafu ulinimwagikia mguuni. Fundi wa mabomba wa mtaani anasema tumwage asidi, na ikishindikana akate bomba aweke valvu ya shaba ya kawaida. Tuna wageni baada ya wiki mbili. Nifanye nini?"*

Pole sana, dada. Tuanze na huo mguu. Kama hujauosha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, uoshe sasa hivi, pamoja na kiatu. Maji taka hubeba vijidudu vya taifodi, kipindupindu na homa ya ini, na mchubuko mdogo usiouona unatosha kukuletea maradhi ya ngozi. Ukiona uvimbe, au upate homa au kuhara siku chache zijazo, nenda hospitali na umwambie daktari wazi kwamba ulimwagikiwa na maji taka. Wengi huona haya kulisema hilo, kisha hutibiwa kitu kingine.

Sasa karavani. Una matatizo mawili yanayofanana kwa nje tu. Valvu ya choo imegoma kwa sababu kuna kitu njiani. Ile ya kijivu imeachana na mpini wake. Ukizitibu kwa dawa moja utaharibu zote mbili. Jambo ninalotaka ulishike kabla hujamlipa mtu yeyote ni kwamba valvu ya choo huenda haina kosa lolote. Kosa liko kwenye tanki, na limetokana na ule ushauri wa kuacha valvu wazi.

Nieleze kwa nini. Choo cha nyumba yako hutiririsha uchafu kwenye bomba jembamba lenye mteremko, na maji husukuma kila kitu mbele. Choo cha karavani hakina bomba la namna hiyo. Uchafu huanguka moja kwa moja ndani ya tanki pana la plastiki lenye sakafu karibu bapa. Karavani nyingi za Kimarekani za ukubwa wa yako huwa na tanki la kati ya lita 110 na 150. Tanki hilo limeundwa lifanye kazi likiwa limefungwa: kinyesi na karatasi hulowa kwenye maji kwa siku kadhaa hadi vikawa uji, kisha valvu inafunguliwa mara moja na uzito wa yale maji yote unatoka na kila kitu. Ukiliacha wazi, maji hutoka dakika ileile na kinyesi hubaki. Kesho vivyo hivyo. Ongeza mgao wetu wa maji wa Nairobi, ambapo kila mgeni amefunzwa kubana maji, na baada ya mwaka una rundo lililokauka chini kabisa ya choo.

Niliwahi kufungua tanki moja kule Ngong lililokuwa limekaa wazi kama lako. Chini ya tundu la choo palikuwa na kitu mfano wa kichuguu, kigumu juu, na ukikigusa kwa kijiti unaona matabaka ya karatasi kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Mwenye karavani alikuwa tayari ameagiza valvu mpya. Ile ya zamani nilipoitoa na kuilaza juu ya gunia nikaikuta nzima kabisa, ila ndani ya mfuo wake, yaani ule mfereji mwembamba wa ndani, palikuwa na kipande cha kitambaa chepesi cha kufutia watoto, kimekunjwa na kubanwa hadi kikawa kama kipande cha ngozi. Kitambaa hicho peke yake ndicho kilichokuwa kikizuia valvu isifunge.

Mfuo huo ndio kiini cha mambo. Valvu ya karavani haizunguki kama bomba la shambani. Ndani yake kuna ubao mwembamba wa plastiki au chuma, mimi huuita ulimi, unaoteleza kukata njia ya bomba. Pande zote mbili za ulimi kuna sili za mpira zinazoukumbatia. Ukisukuma mpini, ncha ya ulimi inapaswa kuingia kwenye mfuo ulio upande wa pili na kukaa humo. Kikiwepo kitu kwenye mfuo, ulimi unasimama milimita chache kabla ya mwisho, na hizo milimita chache zinatosha kupitisha maji usiku kucha. Maji hayo hujaa kwenye kipande cha bomba kati ya valvu na kiungo cha nje, yakingoja atakayekifungua. Ndicho kilichokupata.

Kuhusu asidi, jibu langu ni hapana, na simwambii hivyo fundi wako kwa dharau, maana kwenye mabomba ya nyumba anajua anachofanya. Asidi haina uhakika wa kuondoa karatasi na kitambaa ndani ya mfuo, lakini huweza kula mpira wa sili na sehemu za chuma, kisha ikishuka kwenye shimo lako la septiki huua bakteria wanaokusagia uchafu. Hatari kubwa zaidi ni kwamba kama mtu alishamwaga Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo) kwenye choo hicho kupunguza harufu, asidi ikikutana nayo hutoa gesi ya klorini, na chumba cha choo cha karavani ni kidogo kuliko kabati. Gesi hiyo huua. Tafadhali usiruhusu hilo hata kama amekuja na chupa yake mkononi.

Valvu ya shaba nayo ni nzuri kwa maji safi yenye presha. Ya inchi 3 ina uzito wa kilo kadhaa, na itaning'inia kwenye bomba la plastiki lililo chini ya gari. Mabomba ya karavani za Kimarekani mara nyingi ni meusi, ya plastiki iitwayo ABS, na gundi ya PVC inayouzwa kwenye hadiwea zetu haikutengenezwa kushika plastiki hiyo. Hata kipimo kinadanganya: bomba lao la inchi 3 lina kipenyo cha nje cha milimita 88.9, kwa hiyo viungo vya hapa huingia kwa kulazimishwa au hulegea. Kiungo cha kulazimishwa hushika wiki ya kwanza, kisha huachia usiku wageni wamelala.

Basi fanya hivi. Anza na tanki la choo, kwa sababu linahitaji muda zaidi ya nguvu. Vaa glavu ndefu, miwani na viatu vilivyofungwa. Sukuma mpini hadi pale unapogomea, usiupige nyundo. Kisha funga ile ncha ya bomba kwa kifuniko chake, kile kinachozungushwa na kushika kwa meno. Kama kifuniko hakipo, au mpira wake umekatika, simama hapo kwanza ukitafute, kwa sababu ndicho kitakachozuia maji. Mimina maji kupitia choo, ndoo baada ya ndoo, hadi tanki lifike kama theluthi mbili. Ongeza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kikombe kimoja au viwili. Maji ya vuguvugu yanasaidia. Yanayochemka yaache, plastiki haiyapendi. Acha siku mbili, hata tatu, na mtu yeyote asitumie choo hicho.

Siku ya tatu, kifuniko kikiwa bado mahali pake, sukuma mpini tena; usipofunga kabisa, toa kwanza maji ya tanki kwa pampu kupitia tundu la choo, yasije yakakumwagikia. Kisha toa kifuniko, unganisha bomba kwenye shimo la septiki na uhakikishe limekaza pande zote mbili, ndipo uvute mpini. Ukija kidogo, usukume, uvute, usukume, polepole, kama unavyolegeza droo iliyovimba wakati wa masika. Kila mwendo unakwangua mfuo. Uchafu ukitoka, jaza tena maji na urudie hadi yatoke karibu meupe. Nimeona matanki yaliyohitaji mara 4. Ukiweza kupata mpira wa maji wenye mdomo wa kunyunyiza unaoingia kwenye tundu la choo, elekeza maji kwenye ile pembe yenye valvu. Mpira huo uwekee alama nyekundu na usiutumie tena kwa maji ya kunywa au ya kuoshea vyombo.

Wakati unangoja, chukua pimamaji uiweke kwenye sakafu ya karavani karibu na choo. Karavani iliyokaa mwaka mzima, na mvua za Machi hadi Mei zimepita juu yake, huzama gurudumu moja zaidi ya jingine. Tanki likiinamia upande usio na valvu, utasafisha milele na tope litabaki palepale. Iinue kwa jeki na mbao mpaka upande wa valvu uwe chini kidogo.

Ile ya kijivu ni habari nyingine. Nadhani ulipousukuma mpini baada ya mwaka mzima, ulimi ulifunga sawasawa. Sili zilikuwa zimekauka, zikaushika. Ulipouvuta, ufito, yaani kile kijiti kinachounganisha mpini na ulimi, ulichomoka kwenye ulimi na kuja peke yake. Ndiyo maana maji yamenaswa ndani, na kwa kuwa tundu la bafu ndilo lililo chini kuliko yote, huko ndiko yanakotokea. Lala chini na tochi ufuate mpini hadi kwenye valvu. Kwanza tazama kama ni mpini wenyewe tu uliolegea kwenye nyuzi za ufito. Hapo unauzungusha tu unakaza. Kama ni mtindo wa kebo, tazama ile skurubu ndogo inayobana waya mahali unapoingia kwenye valvu. Mara nyingi waya umeteleza pale na bisibisi inatosha. Lakini ufito ukitoka mzima mkononi, ulimi umebaki ndani na valvu lazima ifunguliwe.

Usiifungue tanki likiwa limejaa. Lita 100 na zaidi za maji ya sabuni yaliyolala mwezi mzima zitakushukia usoni. Yatoe kwanza kwa pampu ndogo yenye mpira mwembamba, ukiupitisha kwenye tundu la bafu, na uyapeleke kwenye shimo la septiki. Usiyavute kwa mdomo hata kidogo. Tena usiyaelekeze kwenye mtaro wa mvua. Mitaro mingi ya huko kwenu hushuka Mto Mbagathi, nao huingia Mto Athi, ambako watu wananywesha mifugo na kumwagilia mboga.

Kuifungua si kazi ngumu likishakauka. Valvu hizi hukaa katikati ya vipande viwili vya bomba, zimeshikwa kwa bolti 4. Ukizitoa, valvu yote inachomoka. Piga picha kabla. Ya kijivu kwa kawaida ni ya inchi 1.5, ya choo inchi 3, lakini pima yako. Ulimi ukiwa hauna ufa na meno yake ya kushikia ufito ni mazima, sili mpya mbili zinatosha. Wakati wa kurudisha, kaa macho na sili: kila moja ina mdomo unaopaswa kukaa sawasawa kwenye ukingo wa bomba. Sili ikijikunja unapoingiza valvu, utakuwa na valvu mpya inayovuja, na nimeona hilo mara nyingi kuliko valvu mbovu zenyewe. Kaza bolti kwa kupishana, kidogo kidogo, na uache pale spana inapoanza kukataa. Ni plastiki.

Paka sili kwa grisi ya silikoni. Grisi ya gari, oili iliyotumika na Vaseline ziweke mbali, kwa kuwa mafuta ya petroli huvimbisha mpira. Hata ile dawa ya kopo ya kulegeza bolti, ambayo kila fundi wa Nairobi anayo mfukoni, si ya kupulizia sili.

Valvu na sili zake ndizo shida kupata hapa. Maduka ya mabomba ya Industrial Area hayana sababu ya kuziweka. Ulizia kwenye kambi za Karen na Langata zinazopokea wasafiri wa masafa marefu wenye magari ya kulala. Mara nyingine kuna mtu anayeuza kipuri au anayejua nani anasafiri kuja. Vinginevyo utaagiza nje, na hapo huenda wiki mbili zikapita. Unapoagiza, ongeza kitu kimoja: valvu ya nje, ile inayojizungushia kwenye ncha ya bomba mahali pa kifuniko. Watu huniuliza kama hiyo si kuficha ugonjwa. Kwa kiasi ni kweli, haiponyi valvu ya ndani, na uchafu utakaovuja utalala kwenye bomba kati ya hizo mbili. Lakini kwa karavani ya kukodisha ningeiweka hata kama zile za ndani ni nzima, kwa sababu inakuhakikishia kwamba anayefungua bomba hamwagikiwi. Wewe unajua thamani ya hilo.

Kama mmeamua karavani haitasafiri tena kamwe, kuna njia nyingine: kuondoa tanki la choo kabisa na kuweka choo cha kawaida chenye bomba la inchi 4 na mteremko mzuri hadi kwenye shimo. Ni kazi safi ikifanywa na mtu anayeijua, na inamaliza habari ya valvu ya choo. Inakula pesa, inatoboa sakafu, na siku mkitaka kuiuza kama karavani, thamani imeondoka. Mimi nisingefanya hivyo kabla ya kujaribu kuishi na valvu zilizofungwa kwa miezi sita.

Maana hapo ndipo kila kitu kinaporudi. Baada ya matengenezo haya, valvu ya choo ikae imefungwa daima. Fungua tanki likifika theluthi mbili, si kila siku. Fungua la choo kwanza, funga, kisha fungua la kijivu ili maji ya sabuni yasuuze bomba. Ukimaliza rudisha ndoo moja ya maji kwenye tanki la choo, pasiwe na sakafu kavu hata siku moja. Siku za mgao, tenga mtungi wa lita 20 kwa ajili ya choo tu. Wageni waandikie ukutani kwamba hakuna vitambaa wala pedi, hata vile ambavyo pakiti inasema vinayeyuka. Karatasi ya choo ijaribu mwenyewe: weka vipande viwili kwenye chupa yenye maji, tikisa. Ikisambaratika inafaa.

Harufu uliyoisikia huenda haikutoka kwenye tanki pekee. Valvu zikiwa wazi, hewa ya shimo la septiki inapanda moja kwa moja hadi chumbani, na nzi nao. Mwite mtu akague shimo lenyewe. Likiwa limejaa, au udongo unaolizunguka umeloa kwa mvua, uchafu utarudi nyuma hata valvu zikiwa mpya. Ukiita gari la kunyonya, chagua lenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na linyonye kwenye shimo. Usiruhusu mpira wake ufungwe moja kwa moja kwenye karavani. Nguvu ya pampu ile inaweza kukunja tanki la plastiki kama chupa ya soda. Wala asiingie mtu shimoni, hata kwa dakika moja, hata kuokota kifaa kilichoanguka. Hewa ya mle humwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Wenye karavani za Uingereza au Ulaya mnaosoma hapa, angalieni kwanza kama mna tanki kabisa. Nyingi hutumia kaseti ndogo ya lita 20 hivi inayochomolewa kwa nje, na huko tatizo ni sili moja ya mpira inayobadilishwa kwa mkono.

Yapo mambo ambayo usiyafanye peke yako, dada. Ukiona unyevu unatoka ubavuni mwa tanki na si kwenye valvu, tanki lina ufa, na tanki lenye ufa haliwezi kujazwa maji ya kulowesha. Ukikuta valvu zimefichwa nyuma ya bamba la plastiki lililofunika tumbo lote la karavani, linahitaji kushushwa na watu wawili. Ukisikia kizunguzungu au kichwa kuuma ukiwa karibu na tundu, toka, acha milango wazi, usirudi siku hiyo. Na kama uchafu umemwagika karibu na kisima, acheni kunywa maji yake hadi yapimwe. Fundi wa kumwita ni yule atakayeuliza kwanza ni valvu ipi na imefanya nini, kabla hajashika msumeno. Fundi wako wa mtaani anaweza kuwa huyo, ukimwonyesha haya.

Kwa wageni wako, lowesha tanki la choo leo. Likishasafishika, funga valvu, jaza maji safi nusu tanki, toa kifuniko cha nje na uweke ndoo nyeupe chini yake usiku mmoja. Ndoo ikiwa kavu asubuhi, choo kiko tayari. Kukiwa na maji kidogo tu na hayaongezeki, ni mabaki ya bomba. Mwaga, urudie usiku wa pili. Yakiendelea kudondoka, rudisha kifuniko, na wikendi hiyo wape wageni ufunguo wa choo cha nyumba yenu.